Mwenye Ufunguo wa Pili

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu mkubwa, nami nimekubali, ingawa Jumatatu nilipoanza kuyaandika nilidhani namjua, na tangu juzi Jumanne sina hakika hata kidogo, kwa hiyo mtanivumilia nikijikwaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mifugo ambako baba yetu alikuwa msimamizi, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, mimi nikiwa kitindamimba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, sekondari hadi 1971, kisha kozi ya uchapaji na utunzaji wa kumbukumbu, ambako alizawadiwa kalamu ya wino kwa mwandiko bora, na kalamu hiyo aliitumia mpaka alipostaafu.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa karani katika ofisi ya vibali, Julai 1981 akahamishiwa dawati la silaha za raia, akaja kuwa mkuu wake, hata mtaani tukamwita Mzee Fomu. Alikuwa akienda mwenyewe nyumbani kwa kila mwombaji, aone kwa macho yake sanduku la chuma la kuhifadhia silaha, ahesabu boliti zilizolishika sakafuni, awaulize majirani kama bwana huyu akigombana na mkewe sauti inafika wapi, na wapo humu waliojibu maswali hayo huku jasho likiwatoka.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na shemeji yangu, fundi cherehani, ambaye ananiambia kwamba katika miaka arobaini na minne hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, nao walijaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Sasa nafika mahali ambapo familia imeniomba nipite haraka, nami siwezi. Tarehe 22 Agosti 1999 duka langu la vipuri lilivamiwa mchana kweupe, nikapigwa, nikaomba kibali cha bastola, fomu ikaangukia mezani kwa kaka yangu, naye badala ya kumwachia mwenzake akaandika, kwa mwandiko ule ule wa zawadi, kwamba anamfahamu mwombaji tangu siku aliyozaliwa, na kwamba mwombaji ana hasira za karibu, asipewe. Nilipandwa na hasira, jambo ambalo najua halikunisaidia.

Baba alifariki mwanzoni mwa Juni 2000, bunduki yake ya kufukuzia fisi ikaenda kwa kaka kwa kibali, na Jumamosi tarehe 24 mwezi huo nilisimama getini kwake nikamtukana mbele ya watu, kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya jeneza, naye aliingia ndani, akakaa huko kitambo, kisha akatoka mikono mitupu na kufunga geti. Nilitangaza mtaa mzima kwamba ni mwoga. Wiki iliyofuata alinitumia ufunguo ndani ya bahasha, bila barua, nikadhani ni wa nyumba ya baba, nikaujaribu milango yote hadi wa choo, haukuingia popote. Tulipatana mwaka 2004, bila yeyote kuomba radhi, nikamuuliza ule ufunguo ni wa nini, akasema nikihitajika nitaambiwa, basi nikauning'iniza pamoja na funguo za duka.

Tarehe 9 Februari mwaka huu wa 2024 alipata kiharusi, akapoteza usemi, akawa ananitazama huku akizungusha vidole vya mkono wa kushoto hewani, nasi tukidhani anataka hewa tukamfungulia dirisha, naye akafumba macho kama mtu aliyechoka na wajinga. Tulimfungulia dirisha kwa siku ishirini na mbili. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi.

Jumanne walifika maofisa wawili kutoka ofisi yake ya zamani, wakiwa na faili lake, wakasema kibali hufa na mwenyewe, bunduki irudishwe, na shemeji akaapa kwamba nyumba hii haina bunduki, mpaka walipoondoa televisheni na kitambaa alichokidarizi mwenyewe, chini yake likaonekana sanduku la chuma aliloambiwa kwa miaka ishirini na mitatu kwamba lina nyaraka za ofisi, na ambalo wajukuu wamekuwa wakiliegemea kila siku. Mganga hajigangi: aliyekagua masanduku ya mji mzima, la kwake hakuna aliyethubutu kulikagua. Lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikuwa ndani ya koti lake, na wa pili, faili lilisema, anao mdogo wa marehemu, mwenye duka la vipuri.

Uliingia bila kukwama. Ndani ilikuwamo bunduki ya baba, imeshika kutu, haina risasi, na ofisa akanipa fomu nitie sahihi kama mwenye ufunguo, fomu ya tarehe 26 Juni 2000, na palipoulizwa sababu ya kufuli ya pili, kaka yangu ameandika kwamba mwenye silaha ana hasira za karibu, sanduku lisifunguliwe bila mdogo wake kuwepo.

Shemeji anasema labda alikosea mstari, lakini yule hakukosea mstari maisha yake yote. Mimi sielewi, nimeisoma mpaka karatasi imelegea, na ninachojua ni kwamba Jumamosi ile aliingia ndani ambako bunduki ilikuwepo, akatoka mikono mitupu, na aliyekuwa getini ni mimi. Naogopa, na ninamshukuru, vyote kwa pamoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na kuirudisha televisheni mahali pake, na wenzake wa ofisini, hasa wale maofisa wawili, waliosubiri nilipokuwa nimekaa chini na ile fomu.

Kaka, nimehitajika, na nimeambiwa. Ufunguo nimeukabidhi na kutia sahihi, kama ulivyokuwa ukitufundisha. Lala sasa, upumzike kwa amani.