Siku ya Ignas

Benchi letu liko mbele ya duka la Nazir, kwenye njia ya kwenda machimboni, nje ya Geita. Ni ubao uliolazwa juu ya madebe mawili. Wa pembeni akiinuka ghafla, wengine huyumba. Alasiri ile ya mwaka 1996 sote tulikuwa na udongo wa makaburini kwenye viatu. Asubuhi tulikuwa tumemzika Ignas, aliyeangukiwa na mwamba. Kwa desturi ya machimbo yale, mchimbaji akifa, maduara yote, yaani mashimo ya kuchimbia, hulala siku ya maziko. Pampu za maji huzimwa, wala hakuna anayegusa chombo cha kazi, kwa kuwa anayekigusa siku hiyo anamwita maiti wa pili. Siku nyingine ya kupumzika hakuna. Ndiyo maana siku hizo tunaziita kwa majina ya waliozikwa: siku ya Ngassa, siku ya Ignas. Mimi nilimzika mke wangu mwezi wa nne. Zamani Jumapili niliijua kwa harufu ya pasi yake ya mkaa. Sasa siku zote zimekuwa sawa, na nyumbani sipiki tena kahawa. Ya kijiweni aliipika Febronia, Mama Goodness. Mumewe, Mageni, alichimba duara moja na Ignas, na kesho yake alitakiwa kushuka tena.

— Mwoneni Mageni, alisema Redio, dalali wa mawe, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. — Kalala tangu tutoke kuzika. Shemeji, leo una sura ya bwana harusi!

— Mgongo umenyooka, alisema Mageni, akijinyoosha. — Na nimekula na mtoto. Kamuuliza mama yake, huyu mgeni analala hapa?

Tulicheka, isipokuwa Febronia.

— Hiyo ndiyo faida ya kupumzika, alisema Kadinali. Jina lake Stanslaus, katekista wa zamani kutoka Ushirombo. — Mungu mwenyewe siku ya saba alitulia.

— Mungu hakukodi pampu, Kadinali, alisema Redio. — Yeye akilala, maji hayajai shimoni.

— Mbona Nazir anafunga kila Ijumaa na hafilisiki?

— Nafunga saa ya swala tu, alisema Nazir kutoka dirishani. — Marehemu baba alikuwa akisema, duka lisilofungwa humla mwenyewe.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alijibu Redio. — Ndiyo maana unauza khanga. Sasa niwaambie siri. Dhahabu ni kama kuku wa kienyeji. Ukiifukuza inakimbia, ukinyamaza siku moja, inasogea yenyewe kuja kusikiliza nani kafa. Ndoo ya kwanza baada ya msiba huwa nzito, mnajua?

— Nzito kwa tope, alisema Kadinali. Akashusha sauti. — Mimi leo nimekwenda kusali pale mdomoni mwa duara. Kimya kabisa. Nikasikia matimba yanalia. Ile miti inayoshika ukuta, Mageni, upande wako. Inalia kama mlango mbovu.

— Inalia tangu lini? aliuliza Mageni.

— Nani ajue? Kila siku ni pampu na nyundo.

Febronia aliacha kumimina.

— Si mkaibadilishe sasa hivi?

— Kwa shoka, mama? alisema Kadinali. — Siku ya msiba?

— Basi kesho, kabla watu hawajashuka.

— Nilishamwomba Bartholomeo asubuhi, pale makaburini, alisema Mageni. Bartholomeo ndiye mwenye duara. — Kubadilisha matimba ni siku nzima bila kuchimba. Kasema siku katupa, ndiyo hii. Hana nyingine.

— Kwa hiyo kesho unashuka, Baba Goodness?

Mageni alitazama ndani ya kikombe.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Redio haraka. — Sisi tunachumia kivulini, chini huko. Tutalia wapi? Tatizo letu tunapumzika kwa kubahatisha. Tupange zamu. Kila Jumamosi anakufa mmoja, Jumapili tunazika, Jumatatu watu wana nguvu mpya.

— Anza wewe, alisema Kadinali.

— Mimi dalali. Kazi yangu kuwatafutia wateja.

— Niwekeni mimi wa kwanza, alisema Mageni. Hakuwa akitania.

Febronia alimnyang'anya kikombe.

— Usilitamke hilo. Mtoto yuko ndani.

Redio aliona amevuka mpaka, akazidi kwenda.

— Haya, asife mtu. Tuzike mgomba! Tunauviringisha shuka, Kadinali anasali, tunalia. Bartholomeo akiuliza, tunamwambia ni mtu wa kuja, hana ndugu. Nani atafunua? Kila wiki mgomba mmoja, na matimba tunabadilisha siku hiyohiyo.

— Kwa shoka? Siku ya msiba?

— Msiba wa mgomba, Kadinali!

— Migomba itakwisha, alisema Nazir.

— Itatangulia kwisha kuliko wachimbaji?

Nazir alirudisha kichwa ndani.

Hapo ndipo alipofika mwanamume mmoja, blanketi begani, sepetu mpya mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Mwadila, baba, alisalimia kwa Kisukuma. — Shikamooni.

— Marahaba. Karibu.

Alisema anaitwa Kamili, katoka Didia, pamba yake imekauka shambani. Njiani kaambiwa kwa Bartholomeo kuna nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyemwambia ni nafasi ya nani.

— Samahani, wazee. Siku ya kupumzika hapa ni ipi? Nataka kumwambia mke wangu aje siku hiyo, asinikose.

— Ni leo, alisema Mageni. — Siku ya Ignas.

Kamili aliinamisha kichwa kwa heshima. Nadhani alifikiri ni mtakatifu.

— Na inayofuata ni ya nani?

Redio alianza kukwangua udongo wa makaburini kiatuni. Kadinali alinigeukia mimi, msomi wao. Ng'ambo ya mabanda pampu moja ilikohoa, ikawaka. Bartholomeo alikuwa ameanza kuvuta maji kabla jua halijazama.

Mageni aliinuka, benchi likayumba.

— Alfajiri nipitie, alimwambia Kamili. — Tutashuka wote. Nitakuonyesha pa kukanyaga.

Kamili alishukuru, akaomba kahawa. Febronia, macho kwa mumewe, alilinyanyua birika, akaliinamisha pembeni mwa benchi. Kahawa ilimwagika chini kwa muda mrefu, ikifuka moshi.

— Imekwisha, alisema.