Sifa Aliyoimeza Mwalimu Udongo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Jana tulimzika Mwalimu Udongo, mwalimu wa sanaa. Leo nataka tumkumbuke kama alivyokuwa. Najua mtaniambia marehemu hasemwi. Haya, nimesikia. Lakini huyu alikuwa na wivu, tusidanganyane, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe huku akijicheka.

Kazi yake mnaijua. Aliwaletea wanafunzi wake wasanii wa dunia nzima, mle mle darasani, kwa njia ya mtandao. Shuka jeupe juu ya ubao, projekta ya kuazima, nyaya zimezagaa sakafuni, watoto wamebanana kwenye madawati. Leo mpiga ngoma, kesho mchonga vinyago. "Akiwa na mgeni wake wa kwenye shuka," dada yake ameniambia, "hata mwalimu mkuu alikatazwa kugusa simu. Eti anamnyonyea mtandao!"

Mgeni aliyependwa kuliko wote alikuwa mfinyanzi mmoja mzee. Dirishani kwake ilionekana theluji, watoto wakamwita Babu Barafu. Sasa sikilizeni vizuri. Babu Barafu ndiye aliyemfundisha Mwalimu Udongo kufinyanga, enzi za ujana wake, huko ng'ambo. Pale darasani lugha ya mzee aliijua mwalimu peke yake. Mzee akisema, mwalimu anatafsiri.

Siku moja mzee aliwaomba watoto wainue vyungu vyao mbele ya kamera. Akavitazama kimoja kimoja, mm, mm. Akafika kwa msichana waliyemwita Kimya. Akaomba chungu kizungushwe. Kikazungushwa. Akaomba tena. Akavua miwani, akasema: "Mkono kama huu sijauona kwa miaka mingi. Akimaliza shule aje akae kwangu, nimfundishe mwenyewe."

Darasa zima likamgeukia mwalimu. Kasema nini?

"Amesema ni kizuri. Uendelee na mazoezi."

Basi. Hayo tu.

Hata mimi nilimwuliza: mwenzangu, ulirogwa? Akanijibu: "Nilikaa kwenye karakana ya mzee yule nikimpondea udongo. Neno hilo nililisubiri mpaka napanda ndege kurudi. Hakunipa. Leo anampa mtoto, tena mimi ndiye nilifikishe? Roho iliniuma, we acha tu."

Dada yake anakumbuka wiki ile. "Alikuwa akigombana na masufuria. Ukimwuliza kuna nini, anasema hamna kitu."

Ziara iliyofuata, mzee hata salamu hakuimaliza. Akauliza: "Yule msichana amenijibu nini?"

Jamani! Watoto wanangoja tafsiri. Kimya yuko dawati la mbele. Mwalimu alishika ukingo wa meza, akatafsiri yote, ya siku hiyo na ya siku ile. Akaongeza ya kwake: "Alikuita, mimi nikakuficha. Nilikuonea wivu, mwanangu."

Kimya akatoka nje. Tangu siku hiyo, mwalimu alipata shikamoo tu, ya baridi, macho pembeni. Pasipoti alimhangaikia yeye, viza yeye, wamenuniana hivyo hivyo. Kimya akapanda ndege bila kumkumbatia.

Mwaka jana, Kimya alirudi darasani. Kwenye shuka. Amekaa kando ya Babu Barafu, udongo hadi viwikoni, na watoto wapya wakamshangilia mpaka madawati yakasogea. Hata pale, mwalimu aliniambia, wivu ulimchoma. Ndipo mtoto mmoja, mdomo wake hauna breki, akauliza: "Dada, nani anafundisha vizuri zaidi, Babu au mwalimu wetu?"

Kimya akamtupia jicho mzee, ambaye hakuelewa kitu, anatabasamu tu. Akasema: "Babu anaujua udongo. Lakini kwa kufundisha, hampati mwalimu wenu hata kidogo."

Mzee akataka kujua kasema nini. Mwalimu Udongo akafuta machozi, akamtafsiria neno kwa neno. Kisha akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, eti mtandao unakatakata.

Wasikilizaji wapendwa, tunaipa pole familia yote, na dada mtu hasa, aliyemuuguza hadi mwisho. Nanyi mnaofundisha, mnaolea, mnaosimamia vijana kazini, hebu jiulizeni jioni hii. Mtu akimsifu kijana wako mbele yako, sifa ile inamfikia, au inaishia kooni kwako?

Kimya, mwanangu, naambiwa unatusikiliza huko uliko. Mfikishie Babu Barafu pole zetu. Na hili nalo mtafsirie, usilipunguze: mwanafunzi wake amekufa akiwa bado anasubiri asifiwe naye.