Shangazi Aliogopa, na Isomwe Hivyo

Ndugu waombolezaji, wazee wangu, majirani na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma kusoma safari ya shangazi yangu, na karatasi hii imepitiwa na baba mkubwa, kaka yake marehemu, aliyeketi hapo mbele, ambaye namwomba radhi mapema, kwani kuna mstari mmoja aliouongeza kwa mkono wake ambao sitausoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kitinda mimba wa watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, akaanza shule ya msingi mwaka 1981 na kumaliza sekondari mwaka 1992, na miaka yote hiyo, kwa ushahidi wa baba mkubwa mwenyewe, alikuwa mwoga wa radi, wa mbwa na wa mwalimu wa zamu, hata nyumbani wakamwita Kunguru, yule mwoga anayekimbiza ubawa wake.

Mwaka 1998 alihitimu chuo cha afya akiwa mpiga picha za eksirei, akaajiriwa hospitali Aprili mwaka uliofuata, katika chumba cha mwisho wa korido, chenye mlango mzito na taa nyekundu juu yake, kazi yenye sheria moja ngumu, kwamba mpiga picha ndiye anayeona kwanza lakini haruhusiwi kusema, msemaji ni daktari, kwa hiyo kila siku watu wazima, wenye vyeo na wasio navyo, walifunga vifungo vya mashati, wakamtazama machoni, "Dada, umeona nini?", naye akajibu, "Daktari atakueleza," kisha akageuza uso kuelekea mashine, usije ukamsaliti.

Ndipo akaanza kupeleka riwaya za vijana kwenye benchi la kusubiria, vile vitabu ambavyo mhusika ana miaka kumi na mitano na dunia inamwangukia kwa mara ya kwanza, akawapendekezea watu wenye mvi, uso mkavu kama anayewaandikia dawa, na sura ya mwisho ya kila kitabu akaibana kwa kibanio cha nguo, mtu asichungulie, akisema yeye huchungulia miisho ya watu kutwa nzima na hajaona faida yake. Mhasibu wa hospitali alimuuliza kama baada ya vitabu atawagawia na peremende, wiki iliyofuata mhasibu huyo huyo akaja kunong'ona mlangoni, eti sehemu ya pili iko wapi.

Nami chuoni nimewasikia watu wenye shahada wakisema hivyo ni vitabu vya wasiokomaa, nikawauliza, na leo nauliza tena, mtu aliyekaa nje ya mlango ule, akisubiri kuambiwa kama ataishi, amekomaa kiasi gani? Shangazi alisema mtoto wa miaka kumi na mitano akiogopa husema naogopa, sisi wakubwa neno hilo tunalo tumboni, mdomoni tumelipoteza.

Tarehe 17 Juni 2006 aliolewa na fundi majokofu, aliyekuja kutengeneza kiyoyozi cha chumba cha picha akaondoka na kitabu, akakirudisha akiapa kwamba kibanio kilifyatuka chenyewe, uongo ambao marehemu aliusamehe kwa kuikubali posa, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 2 Februari 2010, binamu yangu huyu.

Agosti 2023 kikohozi kilipokataa dawa, alimwomba mwenzake wa zamu ampige picha ya kifua, na mwenzake alipogeuza uso kuelekea mashine, shangazi alijua kila kitu, kwa kuwa mgeuko ule alimfundisha yeye mwenyewe.

Hapa ndipo ulipo mstari wa baba mkubwa, usemao kwamba aliupokea ugonjwa bila woga. Si kweli. Siku ile ile aliketi ukingoni mwa kitanda cha binti yake akamwambia, "Mwanangu, naogopa, naogopa sana, hebu sogea," wakafungua kitabu kipya, wakasoma nyumbani, wakasoma wodini, sauti ikizidi kukatika, mpaka asubuhi ya tarehe 11 Mei 2024 alipofariki, sura ya mwisho ikiwa bado imebanwa.

Tangu hapo mtoto anaambiwa ajikaze, mama yake hakuogopa, na jana ameniuliza kama mwoga ni yeye peke yake katika ukoo mzima. Hapana, binamu, mama yako aliogopa, na kila alipoitwa kwenye dawa alikwenda nao woga wake, sisi sote hapa tunaogopa, hata baba mkubwa, ambaye fimbo yake inatetemeka tangu nianze kusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa yule aliyegeuza uso, kwa maana baadaye aliugeuza tena akamshika mkono. Kitabu kiko mapajani mwa binamu yangu, kibanio hatakitoa mtu ila yeye, siku atakayoweza, na siku hiyo baba yake ameahidi kuketi kando yake asikilize mpaka neno la mwisho.

Shangazi, Kunguru wetu, wagonjwa wako wote uliwaambia maneno yale yale kabla ya kuwafungulia mlango, nasi leo tunakurudishia: tulia, imekwisha, pumzika.