Mama Filomena na Kikombe cha Bati

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Filomena Margwe atastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Migahawa ya Kahawa ya Qamara, yote akiwa tawi letu la Katesh. Alianza kwa kuosha vyombo, akawa mpika kahawa, na hatimaye msimamizi wa tawi.

Wafanyakazi wapya huuliza kwa nini hapa mhudumu hunywa kabla ya mteja. Inafaa nieleze. Mwenyeji wa huku akimkaribisha mgeni pombe ya asali, huonja yeye kwanza, ili mgeni awe na amani na anachopewa. Mama Filomena aliuleta utaratibu huo mgahawani. Kila birika likitoka jikoni, humimina kidogo kwenye kikombe chake cha bati, hunywa mbele ya watu, ndipo wengine humiminiwa. Mwalimu Bryson, alipohamia kutoka Mwanza, alidhani mhudumu anamnywea kahawa yake, akadai birika jingine. Mzee Joakimu, mfugaji wa Mogitu, bado humwita Mwalimu wa Birika la Pili.

Utaratibu huo ndio uliotujaribu mwaka ule wa ukame. Bei ya buni ilipanda, na makao makuu yakaanza kuchanganya kahawa na mahindi ya kukaanga, huku pakiti ikiendelea kusema "Kahawa Tupu". Siku ya mnada, mgahawa umejaa, Mama Filomena alionja kwa ncha ya ulimi, akakiweka kikombe chini bila kunywa. Mzee Joakimu akarudisha chake mezani, bado kitupu. "Mwenye nyumba hajanywa," alisema, "sisi tunywe nini?" Vikombe vyote vikafuata.

Meneja wa kanda alimtaka achague: auze au aondoke.

"Nitauza hata leo," alijibu. "Andikeni mahindi kwenye pakiti."

Akasimamishwa kazi. Tuelewe uzito wake: alikuwa anasomesha watoto wawili, na shamba lake la Endasak halikutoa hata gunzi. Hakuyumba. Evelyne, msaidizi wake aliyeachiwa birika, naye hakuonja. Wateja walikuja, wakasalimiana, wakakaa, wakaondoka bila kunywa. Habari zikafika Mbulu mjini, na kwenye tawi letu la huko nako watu wakaanza kumwambia mhudumu aonje kwanza.

Mwisho makao makuu yalileta pakiti mbili: moja ya kahawa tupu kweli, nyingine imeandikwa "Kahawa na Mahindi" kwa herufi kubwa. Mama Filomena akarudishwa kazini, akaonja zote mbili mbele ya watu. Ile ya mahindi sasa inapendwa sana Tlawi, na yeye mwenyewe huinywa nyumbani. Hakuwa na ugomvi na mahindi. Leo kampuni yetu inasifiwa redioni kwa uaminifu wake. Ni vema tukumbuke kwamba sifa hiyo iliponea hapa Katesh, mezani.

Kulikuwa na pendekezo la kukihifadhi kikombe cha bati kwenye kabati la kioo pale makao makuu. Mama amekataa. Ataonja birika la mwisho siku ya kuagana, kisha atamkabidhi Evelyne kikombe hicho, kwa sababu kesho yake kuna wateja.

Asante, Mama Filomena. Mvua ikunyeshee Endasak kwa wakati wake, na siku zako za mapumziko ziwe njema. Ukitutembelea, kaa mezani kama mgeni. Tutaonja sisi kwanza.

Nikolausi Bura, mkufunzi wa wahudumu