Adolphine Chileshe kwenye Barabara ya Mizabibu

Ndugu, majirani na wakristo wenzetu mliofika hapa Naviundu kumsindikiza mama yetu, tunawaomba mtulie kidogo, msikie alikotoka na alikopitia.

Mama Adolphine Chileshe alizaliwa Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, tarehe 3 Mei 1941. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Alphonse Mutale na mama Julienne Nkandu. Mzee Alphonse alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, na mali yake yote ilisafiri juu ya kinga, maana ndivyo huku kwetu tunavyoiita baiskeli. Adolphine alijifunza kuiendesha kabla miguu yake haijaifikia: alipitisha mguu mmoja katikati ya vyuma, akaning'inia ubavuni kama popo, akazunguka soko zima. Wamama wa mtaa walimwendea baba yake kulalamika kwamba mtoto wa kike hapandi kinga. Mzee akawajibu kwamba samaki hawajapata kumuuliza nani anayewabeba.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Kasenga tangu 1948 hadi 1955. Mwaka uliofuata alipelekwa misioni ya Kafwilo, nje ya Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa bado Elisabethville, akajifunze ukunga. Alipomaliza mwaka 1959, masista walimbakiza kazini na kumkabidhi kinga ya kuwafikia wamama wa vijijini.

Wengi wenu hamkuiona Kafwilo, na sasa hakuna cha kuona. Mapadri walikuwa wamepanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa, kilima baada ya kilima, na vilima vile vilikuwa vya pole, kama watu waliolala pamoja chini ya blanketi moja. Mizabibu ilitambaa juu ya waya za shaba. Asubuhi, jua lilipozigusa, mlima wote uling'aa, kisha ukazimika taratibu. Barabara ilipita katikati: unapanda, unashuka, unapanda tena. Lakini ilikuwa barabara ya malori ya mbao na makaa, na ya magari ya Wazungu waliokuja Jumapili kununua zabibu. Mkunga wa kinga alipita majanini, amefumba macho kwa ajili ya vumbi.

Mwezi wa saba 1960 Katanga ilijitenga na Kongo. Wazungu wengi wakakimbia, mafuta yakawa haba, na waliobaki na magari wakaogopa vizuizi vya njiani. Siku moja Adolphine alikuwa akirudi kutoka kuzalisha, akagundua kwamba tangu alfajiri hajasikia hata injini moja. Akatoka majanini. Akapanda katikati ya barabara, pale ambapo hakuwahi kupita, akaacha kinga ishuke yenyewe. Alitusimulia mara nyingi kwamba hakusikia kitu ila mnyororo na upepo, na kwamba alidhani labda amekufa na hakuna aliyemwambia.

Katika barabara hiyo tupu ndipo alipomzoea Symphorien Tshibangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya misioni, kijana mpole, aliyezaliwa hapahapa mjini na wazazi waliotoka Kasai. Alikuwa na kinga ya mashindano, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Jumapili baada ya misa walitoka pamoja, bega kwa bega, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpisha. Walipanda hadi kilima cha mwisho, wakala zabibu zilizoanguka, wakashuka wakati kivuli cha mizabibu kinalala barabarani, mstari mweusi, mstari mwekundu, hata macho yakataka kusinzia. Adolphine alijua vizuri kwamba kwao Kasenga mkwe wa Kasai hatazamiwi, na siku hizo ndiyo kabisa. Hakusema lolote kwa baba yake. Symphorien naye hakumwambia Adolphine lolote.

Mwaka 1961 mambo yaliharibika. Watu wa Kasai, walioshukiwa kupinga utengano, walifukuzwa majumbani, na maelfu wakakimbilia kambi iliyokuwa chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mama yake Symphorien, mama Martine, alikuwa huko, mgonjwa. Symphorien mwenyewe alifichwa na padri ndani ya nyumba ya kukamulia zabibu, mpaka habari ikafika kwamba vijana wa vizuizi watakuja kupekua misioni. Akaamua kupita porini hadi kambini, kwa miguu, peke yake. Adolphine alikataa. Alimwambia kwamba porini ndiko watu wanakopotea bila shahidi; barabarani, mchana, watu wawili waliovaa vizuri juu ya kinga ni watu wanaokwenda kutembelea jamaa.

Walitoka Jumapili tarehe 24 Septemba 1961. Mizabibu ilikuwa imetoa majani mapya, madogo kama masikio ya panya. Hakukuwa na gari wala mtu, vilima vikiwapokea na kuwaachilia, kimoja hadi kingine. Mama alisema kitu kimoja kilimshangaza maisha yake yote: kwamba siku ile, akiwa na mtu ambaye huenda angeuawa kabla ya saa sita, alikuwa na furaha. Aliona aibu kuisema, lakini aliisema.

Kwenye daraja walikuta gogo na mapipa, na vijana wanne wenye mapanga. Mmoja wao alikuwa Jeannot, mdogo wake Adolphine wa tumbo moja. Adolphine hakuwa amemwona tangu mwaka uliotangulia, wala hakujua kwamba ameingia katika kazi hiyo. Mkubwa wao hakumtazama Adolphine, alimtazama Symphorien, akauliza, “Uyu muntu ni wa wapi?”

Symphorien hakujua Kibemba, lugha ya vijana wale, hata salamu. Angefungua kinywa tu, basi. Adolphine akatangulia kujibu, naye hakumwangalia mkubwa yule, alimwangalia Jeannot.

“Iko bwana yangu.”

Jeannot akauliza polepole, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, “Tangu siku gani, yaya?”

“Tangu siku baba alikubali. Wende umuulize mwenyewe. Na kama munataka kumukamata, mutukamate bote babili.”

Baba hakuwa amekubali kitu. Baba hakujua hata jina la mtu huyo, na Jeannot aliliona hilo usoni mwa dada yake wazi kabisa. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia kwamba ni shemeji yake kweli, ni vile tu amekonda. Akaliondoa gogo kwa mikono yake mwenyewe. Adolphine alipompita akamsikia akisema chini kwa chini, “Sasa utaolewa naye kweli, yaya. Miye siyue kusema uongo mara mbili.”

Adolphine alimfikisha Symphorien kambini kwa mama yake. Halafu akapanda kinga tena, siku tatu njiani akilala kwa jamaa, hadi Kasenga, akamweleza baba yake kila kitu. Kesho yake mzee Alphonse akafunga mzigo wa samaki bora, akaenda nao kambini kwa mama Martine, akamwambia kwamba binti yake ametamka neno mbele ya watu wenye mapanga, na neno la namna hiyo haliwezi kurudishwa mdomoni. Ndiyo posa ya kwanza tuliyoisikia iliyoletwa na baba wa msichana.

Symphorien na Adolphine walifunga ndoa ndani ya hema kambini, Jumamosi tarehe 10 Februari 1962. Mwaka huohuo, watu wa kambi waliporudishwa Kasai kwa treni, mzee Alphonse aliwavusha maharusi na mama Martine mto Luapula, akawapangia nyumba ng'ambo, upande wa Zambia ya leo, kwa mteja wake wa samaki. Huko akazaliwa dada yetu mkubwa, Mado. Utengano ulipokwisha, mwanzoni mwa 1963, walirudi. Kafwilo walikuta mapadri wameondoka, waya zimekatwa na kuibwa kwa ajili ya shaba, na mizabibu imelala chini, ikitambaa ovyo hadi barabarani, ambapo malori yaliikanyaga. Mama hakulia. Alisema mizabibu ile ilikuwa yao wao wawili kwa zaidi ya mwaka mzima, na si wengi waliopewa hivyo.

Walihamia Naviundu mwaka 1964. Baba Symphorien alifundisha hadi uzeeni, akafariki tarehe 19 Machi 1998. Mama alizalisha kwa zaidi ya miaka arobaini, na alifika kila nyumba kwa kinga. Na mtoto yeyote wa kike wa mtaa huu aliyetaka kujifunza, alimshikia kiti akikimbia nyuma yake, mkunga mzima, kitenge kimefungwa kiunoni.

Alianza kuugua moyo mwaka 2012. Mwaka jana miguu ilivimba, naye akaacha kutoka. Wiki za mwisho alilala sana mchana, na tuliiona miguu ile ikikanyaga taratibu chini ya shuka. Mado alimuuliza, “Mama, unaenda wapi?” Akajibu bila kufungua macho, “Siende nafasi yoyote. Ninashuka tu.” Alitutoka Alhamisi tarehe 14 Agosti 2014, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, madirisha yakiwa wazi.

Ameacha watoto watano: Mado, Zéphirin, Julienne, Adrien na Mwaba; wajukuu kumi na tisa na vitukuu wanne. Ameacha mdogo wake, mzee Jeannot Mutale, aliyekula naye kila Jumapili tangu walipohamia hapa, na ambaye leo ameomba yeye atangulie kutupa udongo. Na ameacha ninyi: tulijaribu kujua ni wangapi hapa kaburini waliopokelewa duniani kwa mikono yake, tukashindwa. Mnajijua. Basi sogeeni karibu, mumshushe polepole.

Mungu ampokee kama alivyotupokea, na usingizi wake uwe wa amani.