Dada Mkubwa na Tarehe ya Kumi Machi

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini kwa marehemu mkiwa bado na vitambulisho shingoni, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho awasomee historia hii, na imemwagiza aisome ilivyo, asiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu humu ndani lipo jambo ambalo baadhi yetu tunalifanya hadi leo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1981, alfajiri, katika zahanati iliyo mkabala na kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, na kwa kuwa alitutangulia sote, jina lake lilibaki kwenye vyeti tu, nyumbani tulimwita Dada Mkubwa. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha sekondari ya kutwa hadi 1998, na walimu wake waliandika kila muhula neno lile lile, kwamba ana akili ila ana hofu, maana alikuwa akimaliza mtihani mapema na kubaki kwenye dawati akifuta majibu sahihi na kuyaandika upya, asiamini kwamba ni sahihi.

Mwezi Februari 2001 alijiunga na mafunzo ya kompyuta katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, chenye kompyuta kumi na mbili, saba zikiwa nzima, na tarehe 18 Septemba mwaka huo alikamilisha ukurasa wake wa kwanza wa mtandaoni, wenye picha ya cherehani ya baba na bei za suti. Baba aliuchapisha akautundika dukani, na mama akawatangazia majirani kwamba bintiye sasa anajenga tovuti, bila kueleza tovuti ni nini, hadi jirani mmoja akaja kuulizia bei ya matofali, na Dada Mkubwa akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu tarehe 3 Juni 2002 aliajiriwa na kampuni ya matangazo, ghorofa ya pili, ambako alifundishwa kazi na fundi mkuu aliyejulikana kwa jina la utani la Kasi, bingwa wa zana moja ya kutengenezea picha zinazocheza, na enzi hizo tovuti isiyocheza ilionekana imekufa, kwa hiyo Kasi alikaa dirishani kama mfalme. Tarehe 9 Disemba 2006 Dada Mkubwa alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea mageti, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2008 na mvulana aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2012.

Ikawa simu za kisasa zimeingia mjini, zikaikataa zana ya Kasi, naye akasema simu ni mambo ya kupita, watu watarudi, lakini watu hawakurudi, na wateja wakaacha kumtaja. Hakuna aliyemfukuza wala kumgombeza. Alihamishwa tu kutoka dirishani hadi meza iliyo karibu na choo, akawa anafika saa mbili kamili, anawasha kompyuta, anakaa mbele yake hadi jioni bila kupewa kazi yoyote, na Ijumaa tarehe 28 Oktoba 2011 aliondoka na kikombe chake na feni ndogo ya mezani, asisindikizwe na mtu hadi ngazini isipokuwa Dada Mkubwa. Siku hiyo Dada Mkubwa alirudi nyumbani akamwambia shemeji kwamba ameona jinsi mtu anavyozikwa angali hai, na tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake na virago vyake vyote.

Tarehe 2 Aprili 2012 alihamia kampuni inayotengeneza mifumo ya kliniki, ile ambayo mgonjwa hupanga siku ya kumwona daktari kwa simu, na humo alidumu hadi mwisho wake, akipanda kutoka fundi wa kawaida hadi kiongozi wa timu. Alijifunza kutengeneza kurasa zinazojipanga kwenye kioo cha simu, mwaka 2015 akajifunza zana mpya iliyosifiwa kila mahali, mwaka 2017 wenye zana hiyo wakaibadilisha kiasi kwamba aliyoyaandika jana hayakuwaka leo, mwaka 2019 ikaja nyingine, na kila alipomaliza kujifunza, dunia ilikuwa imeshahama. Alizimudu zote, hilo tunalisema mbele ya wenzake na wao ni mashahidi, ila hakuna hata siku moja aliyoamini kwamba amezimudu. Shemeji alipomwambia atulie, akamjibu kwamba yeye amebahatika, chuma hakibadilishiwi toleo kila baada ya miezi sita, na watu wakicheka naye alicheka, huku roho iko juu. Kila akiona meza iliyo karibu na choo, popote pale, hata kwenye mgahawa, alibadilisha kiti.

Mafundi wa kazi yake wana sheria moja wanayorithishana, kwamba kinachofanya kazi usikiguse, maana ukigusa sehemu moja ya mfumo wa zamani huwezi kujua ni wapi kwingine patabomoka, na ni sheria nzuri kwa tovuti. Dada Mkubwa aliishika kuliko wote, na tunasema kwa uchungu kwamba aliibeba kutoka mezani kwake akaipeleka mahali pasipo pake.

Mwezi Septemba 2024 meneja wake alitangaza kwamba mfumo wote wa kliniki utahamishiwa kwenye zana mpya, na utawashwa Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, na akawaajiri vijana wawili wanaoijua zana hiyo kana kwamba walizaliwa nayo. Vijana hao walimheshimu, walimwita dada, walimuuliza kila kitu, lakini yeye kila walipomuuliza alihisi anapimwa, na kila waliponyamaza alihisi wameshapata jibu kwingine. Alianza kuhesabu siku kuelekea tarehe kumi. Mama alipompigia simu kumkumbusha kula, alijibu kwamba atakula Machi.

Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, akipanda ngazi za ofisini, kifua kilimbana, jasho likamtoka, akakaa kwenye ngazi ya tano mpaka hali ikapita. Mtu mwingine angekwenda hospitali, au angalau angemwambia mumewe, lakini Dada Mkubwa aliogopa kwamba akipewa mapumziko ya wiki mbili, ofisi itagundua kuwa wiki mbili zimepita na hakuna kilichokwama. Kwa hiyo akafanya anachofanya kila fundi wa kazi yake akiona hitilafu, akafungua orodha yake ya hitilafu kwenye kompyuta na kuandika, tunanukuu, "Kifua kinabana upande wa kushoto nikipanda ngazi. Bado kinafanya kazi. Haraka: ndogo. Kushughulikiwa: wiki ijayo." Kila Jumatatu alipopanga kazi za wiki, aliifikia ile hitilafu, akaisogeza wiki moja mbele. Aliisogeza mara kumi na sita. Mwezi Januari aliongeza kwamba sasa inauma hata akiwa amekaa, na ile haraka akaiacha vile vile, ndogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliokuwa tukila naye mezani hatukuuona ufa, tuliona mtu mwenye bidii.

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa tisa alasiri, alianguka ofisini akiwa amesimama kuwaelekeza vijana, nao walimbeba kwenye kiti chake chenye magurudumu hadi kwenye lifti, na saa tisa na dakika arobaini alipokelewa hospitali. Daktari alieleza kwamba mshipa wa moyo ulikuwa ukiziba kidogo kidogo kwa miezi mingi, kwamba ni ugonjwa unaotibika mtu akiwahi, na akamuuliza shemeji maumivu yalianza lini, na shemeji, mume wa miaka kumi na minane, akasema yameanza leo. Jibu la kweli lililetwa kesho yake na mmoja wa wale vijana, aliyekuwa akitafuta kazi zilizosalia za kiongozi wake, akaikuta ile hitilafu, akaichapisha, akaja nayo wodini ikiwa imekunjwa mara nne, akampa shemeji.

Jumamosi Dada Mkubwa alipata fahamu, na hakuuliza ana nini. Aliuliza leo ni tarehe ngapi. Binti yake akamwambia ni tarehe nane, naye akajaribu kuinuka, akamsihi mdogo wake, huyu anayewasomea, amwandikie meneja kwamba Jumatatu asubuhi atakuwepo, wasimpe mtu meza yake, na mdogo wake akamwahidi ataandika, na hakuandika, akidhani kuna muda wa kutosha wa kumtuliza. Mikono yake ilikuwa baridi na macho yalikuwa ya yule mtoto anayefuta majibu sahihi, nasi tuliogopa pamoja naye, kila mmoja kwa hofu yake. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa moja na robo asubuhi, alifariki dunia, siku tano kabla ya kutimiza miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao hawakutulaumu hata pale tulipostahili, inawashukuru majirani waliochukua watoto na kuwapeleka shule, na inawashukuru wale vijana wawili kwa kumbeba, na tunawaomba, na wengine wote mliokuja na kitu kinachobana ambacho mmekiandikia wiki ijayo, msiende makwenu kutoka hapa, nendeni hospitali.

Mwisho tunamshukuru meneja wake, ambaye asubuhi baada ya Dada Mkubwa kuanguka aliandika ujumbe wa mstari mmoja kwa kliniki zote, akisogeza ile tarehe kumi hadi tarehe thelathini na moja, na kliniki zote zikajibu kwamba haina shida, na chini yake akamwandikia Dada mwenyewe kwamba mfumo hautawashwa hadi atakaporudi. Ujumbe huo ulitumwa kwenye simu yake Ijumaa saa nne asubuhi, siku mbili kabla hajafariki. Simu ilikuwa mfukoni mwa shemeji, tulikuwa tumeizima, ili asisumbuliwe na mambo ya kazi.

Dada Mkubwa, meza yako haina mtu. Pumzika sasa, usiogope, pumzika kwa amani.