Nday Kabamba Ghislain, Fundi wa Vipuri vya Bunduki za Kale

Ndugu waombolezaji, dada mkubwa wa marehemu, Maman Thérèse, waumini wenzake wa kanisa letu la Matonge, majirani wa mtaa wa Forest, na ninyi nyote mliofunga safari kuja kumsindikiza, mimi ni Bernard, mdogo wake Georgina, mjane wa marehemu, na familia imenipa dhamana ya kuyasoma maisha ya shemeji yangu. Tarehe nimezipata kwa Maman Thérèse na katika daftari za marehemu mwenyewe, na nimezihakiki mara mbili, kwa kuwa tunayemzika leo hakuwahi kukubali tarehe ya kukisia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Likasi, Katanga, wakati mji huo bado ukiitwa Jadotville, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Kabamba, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli, na mama yake aliyeuza unga sokoni. Alianza shule ya msingi kwa mapadre Septemba 1967, akaendelea na shule ya ufundi hapohapo Likasi, na tarehe 5 Julai 1979 akahitimu ukerezaji wa vyuma, yaani ile kazi ya kukizungusha chuma kwenye mashine na kukikata kidogo kidogo mpaka kipate umbo linalotakiwa. Maman Thérèse anakumbuka kwamba siku ya matokeo mwalimu alimpa alama kumi na tisa juu ya ishirini, na kijana akarudi nyumbani amenuna, akiuliza ile moja imekwenda wapi.

Aliajiriwa tarehe 7 Januari 1980 katika karakana ya kampuni ya madini, akafanya kazi humo miaka kumi na mitatu, mpaka karakana ilipofungwa mwaka 1993. Akavuka mpaka kwenda Ndola, Zambia, akatengeneza pampu za maji hadi mwaka 2001, ndipo Maman Thérèse, ambaye tayari alikuwa akiishi hapa Brussels akihudumia wazee, alipomtafutia njia, naye akawasili tarehe 2 Septemba 2001, akiwa na sanduku moja la nguo na jingine, zito kuliko la kwanza, la tupa na vipimo.

Cheti chake hakikutambuliwa hapa, hivyo kwa mwaka mmoja na nusu alipiga deki ofisi na viwanda bila kunung'unika, hadi tarehe 11 Februari 2003, alipokuwa akifagia kiwanda cha mikate huku Forest na mashine ya kukatia mikate ikavunjika ekseli, mafundi wakasema kipuri kitafika baada ya wiki mbili, naye akaegemeza fagio ukutani, akaomba kipande cha chuma na ruhusa ya kutumia mashine yao ya kukerezea, na kabla zamu haijaisha mikate ilikuwa inakatwa. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo akawa fundi wa kiwanda hicho, akakitumikia miaka kumi na tano.

Alikutana na dada yangu kanisani Matonge mwaka 2002. Georgina alikuwa amekuja kutoka Tanzania kupika katika nyumba ya balozi mmoja, na jioni za Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya. Anasema alimtambua marehemu kwa mara ya kwanza pale alipoinuka katikati ya mahubiri, akatoa kichupa cha mafuta mfukoni, akapaka bawaba za mlango uliokuwa ukilia kila mtu akiingia, kisha akarudi kuketi na kuitikia amina. Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 2004, na tarehe 3 Mei 2006 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Larissa, ambaye yuko hapa mbele yetu.

Sasa naomba mnivumilie, kwa kuwa nafika kwenye kazi iliyomjulisha kwa watu wengi mlioko hapa, na kazi hiyo ilianza kwa ugomvi ndani ya nyumba.

Mwezi Oktoba 2007 mjane mmoja wa Saint-Josse, Madame Mathilde, alikuwa anafunga karakana ya marehemu mumewe, aliyekuwa akitengeneza saa na bunduki za kale, na shemeji akainunua mashine ya kukerezea iliyokuwa humo, wanaume sita wa kanisa wakaishusha vipande vipande kwenye chumba cha chini ya nyumba ya shemeji. Pamoja na mashine, Madame Mathilde alimpa kabati la vitu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, na katika droo moja kulikuwa na nyundo iliyovunjika ya bunduki ya gumegume, imefungwa karatasi yenye jina na anwani ya Monsieur Wauters, mwalimu mstaafu wa Boitsfort anayehifadhi bunduki za mababu. Shemeji akaichonga nyundo nyingine, akampelekea, mzee akailia machozi, na kabla ya mwezi kuisha wahifadhi wenzake wakaanza kugonga mlango kule Forest.

Georgina akakataa. Wengi wenu hamjui, lakini baba yetu sisi, mzee Yeremia, aliuawa kwa risasi na majambazi barabarani huko Kibondo tarehe 19 Agosti 1997, na dada yangu ndiye aliyemkuta. Alimwambia mumewe waziwazi, "Baba Larissa, bunduki hailali nyumba moja na mimi, iwe ya juzi au ya enzi za Nuhu."

Shemeji akamjibu, "Georgina, mi niko tourneur, siko soda," na kule kwao tourneur ni mkerezaji, na soda ni askari, si kinywaji.

Naye akasema, "Basi kama wewe si askari, bunduki za nini?"

Shemeji hakuwa mtu wa kushinda mabishano, alikuwa mtu wa kutafuta kipimo ambacho pande zote mbili zitakaa. Baada ya siku tatu Georgina akaweka sharti, kwamba bunduki yenyewe isivuke kizingiti chake hata mara moja, mwenye nayo aifungue huko kwake, alete kile kipande kilichovunjika peke yake, na kipya kikiwa tayari fundi akakifunge hukohuko. Wateja walilalamika, wengine wakamwona kituko, yeye akawajibu wote, "Maman amesema," akimaanisha Georgina, na hapakuwa na rufaa.

Kwa miaka kumi aliishika kazi hiyo kila jioni baada ya kiwanda na Jumamosi nzima. Zile bunduki hazina tena mahali pa kununua kipuri, waliozitengeneza walikufa zamani, hakuna mchoro, hakuna kipimo, mara nyingine hata kipande kilichovunjika kilishapotea, na shemeji alilazimika kusoma umbo lake katika tundu lililobaki, kama daktari wa meno. Alitengeneza skrubu, springi, vifyatulio na nyundo, na chini ya kila kimoja, mahali pasipoonekana, akagonga herufi N, ili asije mtu akakiuza kama cha asili. Nilipomtembelea mwaka 2010 nilimwona akitupa springi niliyodhani ni nzuri, nikamwambia, shemeji, si inakaribia kabisa? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Presque haiko kipimo," yaani kukaribia si kipimo.

Sitaki mdhani nasoma habari za malaika. Alisahau chakula mpaka kikaganda, alichelewa ubatizo wa bintiye mwenyewe kwa sababu ya skrubu, na akikosea mwenyewe hakusemezeka siku nzima.

Tarehe 18 Februari 2013 alikuja mtu asiyemjua, amevaa vizuri, akasema ametumwa na mhifadhi mmoja, akamwekea mezani mchoro wa kipuri, akataka ishirini. Shemeji akauangalia mchoro, akapima kwa jicho, akajua kwamba hiyo si bunduki ya makumbusho. Georgina alikuwa ngazini na kikapu cha nguo, na anasema alimsikia mumewe akisema kwa upole kabisa, "Bon, tonton, hii kipande haiko ya zamani. Hii iko ya kuua batu leo." Yule mtu akamwambia afikirie vizuri, kwamba ana mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Shemeji akamrudishia mchoro wake, akamfungulia mlango.

Walikaa jikoni, mume na mke, nao walijua kwamba fundi mgeni mwenye mashine chini ya nyumba akienda polisi na habari ya bunduki, wa kwanza kuchunguzwa ni yeye. Wapo waliomshauri anyamaze, na siwalaumu. Georgina ndiye aliyesema, "Waliomuua baba, kuna fundi aliwatengenezea." Asubuhi ya tarehe 20 Februari walikwenda pamoja, wakaeleza kila kitu.

Na ikawa kama walivyohofia. Tarehe 6 Machi 2013 polisi walifika, wakapekua nyumba kutoka darini hadi chini, wakachukua tupa, vipimo, daftari na vipuri vyote, wakaifunga mashine kwa mkanda na lakiri. Kwa miezi minane shemeji aliishi na jina baya, kiwandani akaondolewa kwenye mashine akapewa kazi ya kupanga maboksi, mtaani salamu zikapungua, na Larissa, akiwa na miaka saba, akarudi kutoka shuleni akiuliza kama ni kweli papa wake anatengeneza bunduki. Shemeji akamketisha, akamwambia, "Papa anatengenezaka skrubu. Tulisema kweli, sasa tunangoja." Maman Thérèse anasema katika miezi ile alimwona kaka yake akishuka chini kila jioni, akiketi mbele ya mashine iliyofungwa, mikono mapajani, kisha akipanda kulala.

Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alikagua vipuri vyote, akakuta kila kimoja kina alama yake na ukurasa wake daftarini, tarehe, mwenye bunduki na umri wa bunduki, akakuta hakuna hata kimoja kinachofaa silaha ya kisasa. Lakini lililomaliza shauri, kama alivyoandika mwenyewe katika taarifa yake, ni kwamba katika nyumba ya mtu aliyehudumia bunduki kwa miaka mitano hapakupatikana bunduki hata moja, nzima wala nusu. Mwenye mchoro na wenzake walikuwa wameshakamatwa katika mji mwingine, kwa maelezo yale waliyotoa shemeji na dada yangu. Vifaa vilirudishwa tarehe 14 Novemba 2013, vimeshika kutu, na ofisa aliyevileta akavua kofia, akampa mkono. Shemeji hakuhutubia. Aligeuka jikoni akamwambia mkewe, "Sheria yako, Georgina," naye akamjibu, "Kula kwanza."

Baada ya hapo kiwanda kilimrudisha kwenye mashine, wateja waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, naye akawapokea wote bila kumkumbusha mtu.

Maradhi yalimwanza Januari 2018 kwa maumivu ya tumbo, na tarehe 22 Februari madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi mitano, mpaka Julai alipoomba matibabu yale makali yasimamishwe ili arudi nyumbani. Alikuwa amebakiwa na kazi moja, skrubu inayoshika nyundo ya gobore la babu mkuu wa Monsieur Wauters, na mikono yake haikuweza tena kushika mashine. Alitaka kuirudisha ikiwa haijafanywa, na Georgina ndiye aliyekataa.

Siku ya Jumamosi tarehe 18 Agosti walimshusha chini, mimi upande mmoja na Maman Thérèse upande mwingine, tukamkalisha kwenye kiti na blanketi, na dada yangu, ambaye katika miaka kumi na moja hakuwahi kuigusa ile mashine ila kuifuta vumbi, akafunga kanga yake vizuri, akasimama mbele ya mashine. Shemeji akamwelekeza kwa maneno tu, "Pole pole, acha chuma ije yenyewe." Ya kwanza ikakatika. Ya pili shemeji akaipima, akatikisa kichwa, Georgina akamwambia inakaribia sana, wote wawili wakacheka mpaka shemeji akashikwa na maumivu. Ya tatu ilichukua saa tatu. Aliipima mara mbili, akaizungusha kwenye mwanga, akasema, "Iko muzuri," na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akilisema neno hilo juu ya chuma.

Jumatatu dada yangu aliipeleka Boitsfort mwenyewe. Monsieur Wauters akataka kuifunga kwa niaba yake, dada yangu akakataa, akaomba bisibisi, na binti wa mzee Yeremia akaiweka bunduki mapajani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaza skrubu hadi mwisho. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani kwa mumewe, akamwambia, "Imeingia." Akamuuliza, "Ulilia?" Akasema, "Nililia, lakini mkono haukutetemeka."

Marehemu Nday Kabamba Ghislain alifariki tarehe 9 Oktoba 2018, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, hospitalini hapa Brussels, Georgina na Larissa wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mjane, binti mmoja na dada wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole na kumweleza ukweli kila alipouliza, wafanyakazi wenzake wa kiwanda waliochanga siku zao za likizo ili yeye apumzike, Monsieur Wauters na wahifadhi wenzake, kanisa la Matonge lililokesha nasi, na majirani wa Forest, wale walioendelea kumsalimu mwaka ule wa 2013 na wale walioacha kisha wakarudi, leo wote tumewaona, na wote asanteni.

Shemeji, umeitenda kazi yako kwa kipimo cha haki. Pumzika kwa amani, na mikono yako nayo ipumzike.